Reale ya Sham na Uso Uliolika

Mwanafunzi wa sarafu akiishika reale ya Maria Theresa, ambayo wazee wa Unguja waliiita reale ya Sham, husoma mwaka 1780 akadhani ameshika kitu cha mwaka huo. Hapo ndipo penye somo lake la kwanza. Maria Theresa, mtawala wa Austria, alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yake haikufa naye. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu walikuwa wamekwisha kuizoea na kuiamini, hivyo ikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile: Vienna, na katika karne ya ishirini hata Roma, London na Bombay. Mwaka uliochapwa, basi, hauelezi umri.

Yapasa kutenganisha mambo mawili: jinsi sarafu ilivyozaliwa, na jinsi ilivyoishi. Reale ya biashara ilipigwa kwa haraka, ikatiwa gunia pamoja na wenzake. Ile ya wakusanyaji, iitwayo prufu, hupigwa zaidi ya mara moja kwa chapa zilizosuguliwa, hata uwanja wake ukang'aa kama kioo. Prufu ni namna ya kuzaliwa, wala si daraja. Nayo ikichezewa mikononi huchakaa kama nyingine.

Daraja ndiyo habari ya maisha. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitoa kipimo cha 1 hadi 70, nacho kikaenea. Isiyopita mikononi huanzia 60. Iliyolika hata ikatambulika kwa shida hukaa chini kabisa. Uchakavu huanza palipoinuka: nywele za malkia, na manyoya ya kifua cha tai. Hata kabla ya Sheldon, wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi walikuwa na kipimo chao: walizihesabu lulu za kifungo cha begani, na zikikosekana waliitilia shaka sarafu. Kwao daraja halikuwa pambo. Lilikuwa dhamana ya fedha yenye uzito wa takribani gramu 28, ambayo sehemu tano katika sita ni fedha tupu.

Msiba hutokea nyumbani. Reale ya bibi hutolewa sandukuni ikiwa nyeusi, ikasuguliwa kwa ndimu na majivu ili impendeze mnunuzi. Yaliyoondoka hapo si uchafu peke yake, bali ngozi ya juu ya fedha. Na mwenye jicho huiona mikwaruzo ile mara moja, akaishusha thamani. Weusi ule ni kazi ya hewa na miaka. Nani angeuosha muswada wa utenzi kwa sabuni ili karatasi iwe nyeupe?

Basi reale ya Sham ishikwe kwa ukingo wake, iwekwe pakavu, na iachwe na uso wake. Kulika kule ni alama ya vidole vya watu waliouza karafuu, waliolipa mahari na waliozika akiba, ambao majina yao hayakuandikwa popote pengine.