Kilima cha Kale: Ngome ya Udongo ya Wanormani

Karibu na mji wa Montgomery, katika nchi ya Wales mpakani na Uingereza, pana kilima cha udongo kilichozungukwa na mahandaki. Mgeni apitaye aweza kudhani kuwa ni kilima cha asili. Kumbe ni kazi ya mikono ya watu.

Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza. Wanormani walikuwa wachache katika nchi ngeni, tena walihitaji kinga upesi, na kujenga kwa mawe ni kazi ya miaka mingi. Basi walichimba handaki la duara, wakarundika udongo katikati hata ukawa kilima; juu yake wakasimamisha mnara wa miti, na ubavuni wakafanya kiwanja chenye ua wa magogo. Ndivyo alivyofanya Roger wa Montgomery hapa katika miaka ya 1070, ili alinde kivuko cha mto Severn. Mwaka 1095 watu wa Wales waliiteka ngome hiyo, lakini Wanormani waliirudia. Mwaka 1223 Mfalme Henry wa Tatu alianza kujenga ngome ya mawe juu ya mwamba ulio jirani, na ile ya kale ikapungua cheo.

Majina nayo ni mashahidi. Jina Montgomery lilitoka Normandy pamoja na Roger. Watu wa Wales huuita mji huo Trefaldwyn, yaani mji wa Baldwin, kwa jina la bwana mwingine aliyefuata. Na kilima hukiita Hen Domen, maana yake kilima cha kale.

Tangu mwaka 1960, kwa muda wa miaka thelathini na zaidi, wataalamu walifukua mahali hapo pole pole. Nguzo zilikuwa zimeoza zamani, lakini mashimo yake yalitambulikana kwa rangi ya udongo. Na chini ya ngome walikuta matuta ya shamba, lililolimwa kabla Wanormani hawajafika.

Jina la Roger limo katika kitabu cha mfalme cha mwaka 1086. Jina la mkulima halimo. Matuta yake ndiyo ushuhuda wake. Sisi tufundishao tarehe twazoea kuwauliza watoto, Nani alijenga hapa? Yafaa tuwaulize tena, Na kabla yake, nani alilima?