Kwaya ya Usharika na Wanaorudi Nyumbani

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, uimbaji wa sharika zake ulikuwa umelizidi umri kwa mbali. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893 na tenzi za kwao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakawaondoa, na kwa miaka kadhaa ibada za Kilimanjaro zikaongozwa na walimu wenyeji. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo uimbaji ulipoacha kuwa mali ya misheni ukawa wa usharika. Tangu hapo kwaya imefanya kazi moja ambayo waandishi wa historia ya kanisa huigusa juu juu tu: kumpokea aliyeondoka.

Na walioondoka ni wengi. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kikigawanywa kwa wana na wajukuu hakimtoshi mtu, kwa hiyo mlima umewatuma watu wake Arusha, Tanga, Dar es Salaam na Nairobi kwa vizazi kadhaa. Atakuja wa kusema kwamba anayewapokea wakirudi ni ukoo, wenye ardhi na makaburi. Ni kweli, ila ukoo humpokea mtu pamoja na hesabu zake: ni mtoto wa nani, amejenga au hajajenga, msiba uliopita alichanga kiasi gani. Mwalimu wa kwaya huuliza jambo moja tu, unaimba sauti gani? Aliyeondoka akiimba besi atakuta benchi la besi nyuma ya alto, noti za do-re-mi ubaoni zimetenganishwa kwa nukta pacha vilevile, na kitabu ni Mwimbieni Bwana, kilekile alichokuwa akikishika katika kanisa la Azania Front, Dar es Salaam. Miaka aliyokaa mjini haikumtoa nje ya wimbo. Hata nyimbo zenyewe zimesafiri: “Mfurahini, Haleluya”, maneno ya Bernard Kyamanywa kwa lahani ya Kihaya, ulitoka chuo cha theolojia cha Makumira katika miaka ya 1960, na leo umo katika vitabu vya nyimbo vya Wajerumani, wajukuu wa walioleta tenzi. Mtafiti Gregory Barz, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu kwaya za Tanzania, aliichukulia kwaya kuwa jumuiya kamili yenye uongozi na wajibu wa kusaidiana, na anayejua mwenyekiti, katibu na mhazini wa kwaya wanavyohangaika mwanakwaya akifiwa hatabishana naye.

Pingamizi zito zaidi ni la Desemba. Wenyeji wamefanya mazoezi tangu Septemba. Anashuka mtu kwenye basi wiki ya Krismasi, anataka kusimama mbele. Wanaolalamika wana haki. Lakini malalamiko yao ndiyo yanayoonyesha uzima wa taasisi, kwa sababu kwaya nzuri humkaribisha mgeni huyo mazoezini, si jukwaani, na akikosa mazoezi atakaa na waumini wengine, hata awe mkubwa ofisini. Undugu hauna kipimo cha namna hiyo. Anayerudi moja kwa moja, mstaafu kwa mfano, hupata kwa mazoezi ya kila wiki kile ambacho ukumbusho wa zamani hauwezi kumpa: watu wanaomtegemea Jumapili ijayo.

Lipo pia suala la fedha, na hapa sina utetezi mkubwa. Tangu kinanda cha umeme, spika na kurekodi viwe sehemu ya kwaya, aliyerudi na mfuko mnene hufanywa mlezi kabla hajakaguliwa sauti. Baadhi ya kwaya zimejikinga kwa kumpa mlezi kiti cha heshima kwenye uzinduzi wa albamu na kuwaachia walimu peke yao uamuzi wa nani aimbe. Zisizofanya hivyo zimebaki na vyombo vizuri na besi hafifu.