Kipimo na Mwili wa Ndege: Historia ya Tiba ya Homa ya Kasuku kwa Viuavijasumu

1.0 Utangulizi

Historia ya viuavijasumu huandikwa mara nyingi kama historia ya ugunduzi: dawa hupatikana, bakteria hushindwa, mgonjwa hupona. Tiba ya homa ya kasuku, yaani sitakosi, haikufuata mkondo huo. Dawa ya kuidhibiti ilijulikana mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini namna ya kuifikisha katika damu ya ndege na kuidumisha humo iliendelea kutafutwa kwa zaidi ya nusu karne. Makala hii inajenga hoja kwamba maendeleo ya tiba hiyo yalitegemea zaidi uelewa wa jinsi kila spishi inavyofyonza na kutoa dawa mwilini kuliko kupatikana kwa dawa mpya.

2.0 Ugonjwa Kabla ya Dawa

Mwaka 1879, daktari Jakob Ritter alieleza mlipuko wa homa ya mapafu katika nyumba moja nchini Uswisi, akauhusisha na ndege waliofugwa humo. Miaka 50 baadaye, katika 1929 na 1930, kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika Kusini waliueneza ugonjwa huo Ulaya na Marekani. Januari 1930, Rais Herbert Hoover alitoa amri ya kuzuia uingizaji wa kasuku. Katika maabara ya afya ya serikali jijini Washington, watafiti wenyewe waliambukizwa, na msaidizi wa maabara, Henry Anderson, akafariki.

Marufuku hayo hayakutosha. Huko California, Karl F. Meyer wa Taasisi ya Hooper, San Francisco, alibaini kwamba maambukizi yalikuwamo pia katika mabanda ya wafugaji wa bajerigari, kasuku wadogo wenye asili ya Australia. Ndege anaweza kuonekana mzima huku akitoa bakteria katika kinyesi chake. Kwa kukosa dawa, mamlaka zilibaki na njia mbili: kuzuia biashara au kuua ndege.

3.0 Dawa Ndani ya Nafaka

Klotetrasaiklini, iliyotangazwa na Benjamin Duggar mwaka 1948, ilibadili hali hiyo, ila kwa sharti gumu. Dawa za jamii ya tetrasaiklini huzuia bakteria kuongezeka; haziwaui papo hapo. Nayo *Chlamydia psittaci* huishi ndani ya seli, na huweza kutulia humo bila kuzaliana, hali inayoikinga na dawa. Kwa hiyo ilibidi dawa iwepo katika damu siku baada ya siku, pasipo kukatika. Kuwadunga sindano mamia ya ndege kila siku hakukuwezekana.

Katika miaka ya 1950, Meyer na wenzake waliitia dawa katika mawele yaliyokobolewa ili kuwalisha bajerigari. Kasuku wakubwa walipikiwa rojo la nafaka lenye dawa. Muda wa siku 45 ukawa kanuni.

Hapo ndipo ufyonzaji ulipojidhihirisha kuwa kiini cha tatizo. Kalsiamu hushikamana na tetrasaiklini katika utumbo, na dawa iliyoshikwa hivyo haifyonzwi bali hutoka na kinyesi. Mwongozo wa tiba ukataka chakula chenye asilimia 1 ya klotetrasaiklini kisizidi asilimia 0.7 ya kalsiamu, na vipande vya makombe viondolewe katika vizimba. Aidha, kipimo kilitegemea hamu ya kula: ndege mgonjwa aliyekataa chakula asichokizoea alikosa dawa wakati alipoihitaji zaidi.

4.0 Tofauti za Spishi

Mwaka 1981, Mitchell Bush na wenzake walichapisha ulinganisho wa dawa za jamii ya sefalosporini kwa kware, njiwa, bata, korongo na emu. Kware na bata walihitaji dozi za karibu karibu zaidi kuliko njiwa, korongo na emu. Ndege wadogo kwa jumla hutumia nishati haraka na hutoa dawa upesi. Hata hivyo, bata ni mkubwa kuliko njiwa. Ukubwa wa mwili peke yake haukutosha kukadiria kipimo. Mwaka 1986, Gerry Dorrestein aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Utrecht tasnifu kuhusu mwenendo wa dawa za bakteria katika mwili wa njiwa pekee. Spishi moja ilikwisha kuwa uwanja kamili wa utafiti.

Doksisaiklini, ambayo hufyonzwa vizuri zaidi na kutolewa polepole kuliko klotetrasaiklini, haikuondoa tofauti hizo. Ilipotiwa katika maji, ilidumisha kiwango cha kutosha katika damu ya kokatili, kasuku mwingine wa Australia. Kwa bajerigari, ndege wa nyika kame anywaye maji kidogo, njia hiyo ilishindwa. Mbegu zenye dawa ndizo zilizofaa. Utafiti wa mwanzoni mwa karne ya 21 ulirejea, kwa dawa nyingine, kwenye njia ya Meyer.

5.0 Hitimisho

Uzito wa suala hili ulionekana pia katika sheria. Kuanzia miaka ya 1970, ndege walioingizwa Marekani waliwekwa karantini ya siku 30 kwa ajili ya kuzuia ugonjwa wa Newcastle, na humo kasuku walilishwa klotetrasaiklini. Siku 15 zilizobaki ziliachwa mikononi mwa wauzaji na wanunuzi. Ndege aliweza kutoka akiwa ametimiza sheria bila kumaliza tiba, akaingia nyumbani kwa watu. Pengo hilo halikusababishwa na upungufu wa dawa, bali na muda uliopangwa kwa ugonjwa mmoja na kutumika kwa mwingine. Historia hii inaonyesha kwamba kipimo si sifa ya dawa peke yake. Hutokana na dawa, chakula na mwili wa ndege husika kwa pamoja.