Mashoka ya Kariandusi

Ewe msomaji, ufikapo Kariandusi, karibu na Gilgil, utaona mashoka ya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, yaliyochongwa zaidi ya miaka laki tano iliyopita. Louis Leakey, mwana wa wamisionari wa Kabete, alichimba hapo, wala hakuona ugomvi kati ya Biblia na mawe hayo. Mwanawe Richard hakuamini kuwa Mungu yupo. Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo alipopinga mifupa ya kale ya Mvulana wa Turkana kupewa nafasi ya heshima katika makumbusho ya Nairobi, Richard alimpinga vikali. Basi tafakari: umri wa jiwe hupimwa, nao usifichwe kwa ajili ya imani, lakini kuwapo kwa Mungu hakupimwi kwa jiwe. Baba na mwana walitazama ushahidi mmoja, wakaachana njiani.