Kutoka Garimoshi hadi Bodaboda: Usafiri wa Mpakani na Safari ya Kiswahili

Utangulizi

Katika madarasa yetu, mwanafunzi akiulizwa Kiswahili kiliingiaje Uganda, jibu halichelewi: kililetwa na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, kisha kikashikwa na askari. Jibu hilo lina ukweli wake, ila halitoshi, na upungufu wake una madhara. Anayelipokea bila kulichunguza huamini kwamba Kiswahili ni lugha ya bunduki, tena lugha ya wageni, na kwamba sisi watu wa bara kazi yetu ni kupokea tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha njia nyingine iliyopitiwa na lugha hii, yaani usafiri wa umma katika eneo letu la mpaka, kuanzia Tororo na vijiji vyake kama Merikit hadi Malaba na Busia. Tutaona kwamba katika njia hiyo maneno yalikuja, na mengine yakatoka hapa kwenda kwingine.

Reli ya Uganda isiyofika Uganda

Ujenzi wa reli iliyoitwa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifariki dunia kazini. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwezi Desemba 1901. Wakati huo Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda, katika Jimbo la Mashariki. Lakini mwezi Aprili 1902 Waingereza walilihamishia jimbo hilo katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya, ili reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Kwa hiyo reli ilibaki na jina la Uganda huku ikiishia nje ya Uganda.

Tukio hilo lina uzito kwetu. Mpaka tunaouvuka leo Busia na Malaba una uhusiano wa moja kwa moja na reli. Waiteso na Wasamia walijikuta wamegawanyika pande mbili za mstari ambao hawakuuchora wao.

Kwa zaidi ya miaka 25 mizigo ya Uganda ilitegemea meli za Ziwa Viktoria. Pamba ilipelekwa Jinja au Port Bell, ikavushwa hadi Kisumu, ndipo ikapanda garimoshi. Mwaka 1912 ilifunguliwa reli fupi ya kutoka Jinja hadi Namasagali, lakini hiyo nayo haikuungana na reli ya Mombasa.

Tororo yawa njia panda

Mambo yalibadilika pale reli mpya ilipojengwa kutoka Nakuru. Ilipanda nyanda za juu, ikafika Eldoret mwaka 1924, ikaingia Uganda kupitia Malaba na Tororo, na mwaka 1928 ikaungana na ile ya Busoga. Mwaka uliofuata tawi la kutoka Tororo kupitia Mbale lilifika Soroti. Mwaka 1931 daraja la mto Naili lilikamilika pale Jinja, na garimoshi likafika Kampala. Baadaye reli ilifika Kasese mwaka 1956, na lile tawi la Soroti likarefushwa hadi Pakwach mwaka 1964. Hivyo Tororo ikawa njia panda ya reli: mbele Kampala, kaskazini Soroti, nyuma Mombasa.

Walimu wa lugha wautazame vizuri mwaka huo wa 1928. Ndio mwaka ambao mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ndio pia wakati Uganda ilipokuwa katika mjadala mkali: mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika utawala na elimu, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa akapinga kwa maandishi. Pendekezo la gavana halikufua dafu. Lakini wakati wakubwa wakibishana juu ya Kiswahili kwenye karatasi, Kiswahili chenyewe kilikuwa kimekwisha kukata tikiti na kushuka stesheni ya Tororo.

Hali hiyo iliimarika mwaka 1948, reli za Kenya na Uganda zilipounganishwa na zile za Tanganyika kuwa shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mfanyakazi aliweza kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Fundi Mjopadhola, karani Mluo na mpiga makaa Mnyamwezi walihitaji lugha moja ya kuambiana vuta, sukuma, simamisha. Hakuna sheria iliyohitajika.

Maneno ya relini

Msamiati wa reli ni somo zuri la uundaji wa istilahi. Yako maneno yaliyokopwa moja kwa moja kutoka Kiingereza: reli, stesheni, tikiti, injini, breki. Lakini yako mengine ambayo Kiswahili kiliyatoa katika hazina yake. Behewa lilikuwa ua wa ndani wa nyumba kubwa ya mawe huko Unguja. Likapewa kazi mpya ya kutaja chumba kinachovutwa na injini. Taruma, ubao wa kukazia mbavu za chombo cha baharini, likalazwa chini ya vyuma vya reli.

Neno gari, lenye asili ya Kihindi, limesafiri kuliko yote. Kiswahili kikaliunganisha na moshi kupata garimoshi. Waganda nao husema eggaali y'omukka, yaani gari la moshi, na eggaali pekee kwao ni baiskeli. Wala si sisi tu tuliofikiri hivyo. Huko Korea, ambako reli ya kwanza ilifunguliwa kati ya Seoul na Incheon mwaka uleule wa 1899 ambao yetu ilifika Nairobi, treni iliitwa gicha, maana yake gari la mvuke. Watu waliotengwa na bahari walikitazama chombo kilekile, wakakipa jina kwa kile kilichotoka kwenye bomba lake.

Reli ikikatika, watu hawakatiki

Mfano wa Korea una fundisho jingine. Reli ya kutoka Seoul kwenda mpaka wa China ilikamilika mwaka 1906, lakini nchi ilipogawanywa mwaka 1945 na kisha kupigana vita, reli hiyo ilikatwa. Treni za majaribio zilivuka mpaka huo tarehe 17 Mei 2007, baada ya zaidi ya miaka 50. Kwetu hapakuwa na mgawanyiko mkali kiasi hicho, lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli lilivunjwa nalo, kila nchi ikachukua chake. Katika miaka ya 1990 msafiri wa kawaida hakuweza tena kutegemea treni ya abiria kati ya Nairobi na Kampala.

Hata hivyo, watu wa mpakani walikuwa wamekwisha kujitafutia usafiri wao. Busia, ambayo hadi mwaka 1997 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo, ina kituo cha forodha upande wa Uganda na kingine upande wa Kenya, na kati yake kuna mwendo wa karibu kilomita moja. Basi la upande mmoja lilimshusha abiria, akabaki na mizigo yake juani. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli waliweka kigodoro juu ya kiti cha nyuma, wakawaita abiria: boda, boda! Wakati wa utawala wa Idi Amin, sukari, chumvi na sabuni zilipoadimika na magendo ya kahawa yakashamiri, baiskeli hizo zilipata kazi zaidi. Katika miaka ya 1990 pikipiki zikaanza kuchukua nafasi yake, na leo jina hilo linasikika Kampala, Mombasa na Dar es Salaam.

Neno lenyewe lastahili kuchambuliwa darasani. Mzizi wake ni wa Kiingereza, lakini matamshi na uradidi wake ni wa kwetu, na uradidi huo unabeba maana ya kwenda na kurudi. Tena lina ngeli mbili: tukisema bodaboda imeharibika, tunataja chombo, tukisema bodaboda amechelewa, tunamtaja mtu. Neno hili halikuundwa na kamati yoyote. Liliundwa na vijana wa mpakani waliokuwa wakitafuta riziki.

Hitimisho

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Agizo laweza kumweka mwanafunzi darasani, lakini haliwezi kumfanya aione lugha kuwa yake. Mtoto wa Merikit anayepanda bodaboda kwenda Tororo aambiwe kwamba neno analolitumia lilizaliwa jirani na kwao, likapelekwa hadi pwani. Hapo ndipo atakapoacha kujiona mgeni katika Kiswahili.

Kwa wanafunzi wetu wanaotafuta mada za utafiti, kazi iko wazi. Wastaafu wa reli wa Tororo wanazidi kupungua, na wanaondoka na maneno ya karakana ambayo hayamo katika kamusi. Wafuateni na daftari mapema. Mwezi Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba wa kujenga reli mpya ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, na reli hiyo italeta maneno yake, kama Watanzania walivyolichukua jina la mwendokasi kutoka kwenye mabasi ya Dar es Salaam na kulipa treni. Tuyapokee, lakini wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.