Jinsi mfumo wa fahamu unavyoendesha mwili

Mtu akigusa sufuria ya moto, huondoa mkono kabla hajahisi maumivu. Tendo hilo huonyesha kwamba, katika mfumo wa fahamu wa binadamu, si kila amri hutoka ubongoni.

Mfumo huo una sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni ubongo, ambao kwa mtu mzima una uzito wa kiasi cha kilo 1.4, pamoja na ugwe mgongo, yaani kamba laini ipitayo ndani ya pingili za uti wa mgongo. Ya pili ni mishipa ya fahamu iliyosambaa mwilini: jozi 12 za ubongo na jozi 31 za ugwe mgongo.

Ujumbe hubebwa na seli za fahamu, ambazo ubongoni pekee hukadiriwa kufikia bilioni 86. Ndani ya seli ujumbe hupita kama umeme. Kutoka seli moja hadi nyingine kwa kawaida huvushwa na kemikali. Katika mishipa yenye kasi zaidi, husafiri mita 100 au zaidi kwa sekunde.

Joto la sufuria linapohisiwa, ugwe mgongo huiamuru misuli papo hapo, huku habari zikiendelea kupanda ubongoni. Kutembea na kuandika hufuata nia ya mtu, lakini mapigo ya moyo na usagaji wa chakula huendeshwa bila yeye kukusudia.

Jeraha lisiloponyeka kwa urahisi

Mshipa wa fahamu uliokatika mkononi, ukiunganishwa, huweza kukua tena kwa kiasi cha milimita moja kwa siku. Ugwe mgongo hauna uwezo huo. Ukikatika mgongoni, miguu hupooza. Ukikatika shingoni, mikono nayo huathirika, na juu kabisa ya shingo hata pumzi huweza kukoma.

Ndiyo maana majeruhi wa ajali anayeshukiwa kuumia shingo au mgongo hapaswi kuketishwa wala kuburutwa, isipokuwa mahali alipo pawe na hatari kama moto. Kichwa chake kishikiliwe kisicheze mpaka wahudumu wa afya wafike. Pingili iliyovunjika, ikisogezwa ovyo, huweza kuuharibu ugwe ambao ajali yenyewe iliusaza.