Mwenda Tezi na Omo: Safari ya Anna na Harlan Hubbard

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mara nyingi methali hii hutumiwa kumwonya mwenye majivuno, akumbushwe kwamba hata akizunguka chombo kizima, hana budi kurejea pale alipopakimbia. Lakini iko safari moja, mbali na bahari zetu, inayoupa usemi huo maana nyingine. Ni safari ya mume na mke, Harlan na Anna Hubbard, walioondoka Kentucky, Marekani, mwezi wa Desemba 1946, wakauteremka mto Ohio, kisha Mississippi, hata wakafika New Orleans mwaka 1950. Kutoka hapo waliingia katika vijito na mifereji ya pwani ya Louisiana. Chombo chao hakikuwa na injini wala tanga.

Harlan alizaliwa mwaka 1900 katika mji wa Bellevue, ukingoni mwa Ohio. Alijifunza uchoraji New York na Cincinnati, na kazi ya ujenzi ndiyo iliyompatia riziki. Michoro yake ya mto, stima na vilima haikupata wanunuzi wengi. Anna alizaliwa mwaka 1902 huko Grand Rapids, Michigan. Alikuwa msomi wa chuo kikuu, mpiga piano hodari, na mkutubi wa maktaba ya umma ya Cincinnati. Walioana mwaka 1943, bwana akiwa na miaka 43 na bibi 40, umri ambao wengi huwa wamekwisha kutia nanga.

Mwaka 1944, mahali paitwapo Brent, walianza kuunda chombo chao kwa mikono yao wenyewe, wakitumia kwa wingi mbao za kuokota. Kilikuwa nyumba ya chumba kimoja iliyojengwa juu ya mashua bapa. Vyombo vya namna hiyo havikuwa vya fahari. Katika miaka ya dhiki kuu ya uchumi, baada ya 1929, watu wengi wasio na kazi wala kodi ya nyumba walihamia mtoni wakaishi humo, na wenyeji wa miji ya kandokando wakawatazama kwa jicho la shaka, kama watu wasio na kwao. Kufikia wakati wa akina Hubbard maisha hayo yalikuwa yakitoweka. Ohio ulikuwa umekwisha kutiwa mabwawa na malango ya kupitishia vyombo, na katikati ya mto ilipita misafara ya matishari yaliyojaa makaa ya mawe. Kwa hiyo mkutubi mwenye mshahara na heshima yake alichagua kwa hiari makao ambayo wengine waliyaingia kwa kukosa. Hilo halikuwa jambo dogo.

Chombo kisicho na injini huenda kwa hisani ya mto. Walisafiri majira ya baridi, maji yanapojaa na mkondo kupata nguvu. Makasia marefu na kihori kidogo cha kufungasa viliwasaidia kukiweka chombo njiani, si kukiongezea mwendo. Upepo ukivuma kutoka upande, chombo kilisukumwa ukingoni. Ukungu ukishuka, ilibidi kufunga kamba kwenye miti na kungoja. Na kila majira ya kuchipua yalipowadia walisimama, wakalima bustani, wakakaa hata mavuno. Mwaka 1947 walikaa Payne Hollow, bonde dogo lililo upande wa Kentucky; mwaka 1948 mlangoni mwa mto Cumberland; mwaka 1949 karibu na Natchez. Mboga walizihifadhi katika chupa kwa ajili ya baridi, na samaki waliwatega kwa mishipi mirefu yenye ndoana nyingi, wengine wakala, wengine wakabadilishana na majirani wa ukingoni. Ndiyo maana safari hiyo ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Mtu aliyewaona wamekaa barazani mwa chombo angeweza kudhani ni wavivu. Lakini sehemu kubwa ya walichokula walikuwa wamekilima, wamekivua, au wamekipata kwa kubadilishana.

Ndani ya chumba kile kimoja mlikuwa na jiko la kuni, vitabu, fidla na sello. Jioni mmoja alisoma kwa sauti na mwingine akasikiliza, pengine kwa Kifaransa au Kijerumani, kisha wakapiga muziki wa wawili. Msomaji aliyezoea kuzisikia fidla na sello zikijibizana katika taarabu atatambua kwamba muziki wa namna hiyo haumruhusu mmoja kumtangulia mwenzake.

Hata hivyo, safari hii ilikuwa ya nani? Mwaka 1953 Harlan alitoa kitabu chake, *Shantyboat*, na kwa miaka mingi sifa ilimwendea yeye. Mwaka 2001 tu ndipo kilipotoka kitabu cha Mia Cunningham kinachohusu maisha ya Anna, na jina lake lenyewe linazungumzia kumtoa kivulini. Yafaa kukumbuka jambo moja. Harlan alikuwa ameishi kando ya mto ule na kuutamani tangu ujana wake, lakini chombo cha kumchukua hakukiunda mpaka alipooa. Ndoto ilikuwa yake, lakini ilihitaji mtu wa pili ili iwe safari. Utaratibu wa Anna, katika chakula, usafi na ratiba ya siku, ndio uliokifanya chumba chembamba kikalike na watu wawili kwa miaka saba bila kugeuka gereza.

Huko Louisiana, katika vijito vilivyotulia, hapakuwa tena na mkondo mkubwa wa kuwachukua. Mwaka 1951, katika mji wa Delcambre, walikiuza chombo. Mto hauna marejeo. Walirudi kwa barabara. Mwaka 1952 walifika tena Payne Hollow, bonde lile la kituo chao cha kiangazi cha kwanza, wakajenga nyumba isiyo na umeme, wakaishi kwa bustani, samaki na kuni kama walivyoishi majini. Anna alifariki mwaka 1986, na Harlan akamfuata mwaka 1988. Majivu yao yamezikwa hapo hapo.

Walikuwa wamekwenda tezi na omo, wakarejea ngamani. Lakini kwao ngama hiyo haikuwa mahali pa aibu. Walikwisha kuiona mwanzoni mwa safari, na iliwabidi wafike mwisho wa maji ndipo wajue kuwa ni kwao.